Ukosi wa Njano

"Thelathini na mbili."

Sauti ilitoka chini ya meza ya kukatia nguo. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anamzungushia mteja futi kiunoni, hata hajaisoma. Alipotazama, ilikuwa thelathini na mbili kweli. Mteja akacheka, akamwambia ana msaidizi hodari. Fundi akainama kuchungulia. Hakukuwa na mtu huko. Alikuwepo paka wake tu, yule mweusi mwenye maringo, amejinyoosha juu ya vipande vya nguo, shingoni amevaa ukosi wa njano.

Mtu mwenye akili zake angefunga duka palepale. Lakini fundi huyu, jamani, kwa kupenda mteremko hajambo! Zamani mke wake ndiye aliyekuwa akimsomea vipimo, mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Tangu hapo fundi alihangaika peke yake, mkono huu futi, mkono huu chaki. Basi mteja alipoondoka alimkuna paka kichwani.

"Afadhali wewe," akasema. "Kuanzia leo wewe ni mwanafunzi wangu."

"Andika, fundi," paka akajibu.

Naye akaandika, kwa chaki, juu ya ubao wa meza.

Sasa huo ukosi ndio uliomleta mgeni huyo aliyesema ndani ya paka. Fundi alikuwa amemshonea binti yake wa pekee gauni la njano, kikabaki kipande, na kwa mzaha tu akamshonea paka ukosi, kwa mishono ileile midogo ya gauni. Baba yake, aliyemfundisha kazi, alimkataza jambo hilo tangu yuko mdogo: mabaki ya nguo ya mtu aliye hai hayavishwi kiumbe kingine chenye pumzi. Fundi alilikumbuka katazo hilo huku anatunga uzi kwenye sindano. Akaona ni mambo ya kizamani, akashona.

Binti mwenyewe alizaliwa na bega la kushoto limeshuka kidogo. Wengine hawakuliona, kwa sababu kila nguo yake baba aliitilia kipedi cha kuinua bega upande huo. Nyumbani alimwita Mshazari.

"Mshazari wangu, njoo nikupime."

"Baba na wewe! Watu wanasikia!"

Lakini alikuwa anacheka. Walipendana hao, mpaka mama mtu alikuwa akiwaonea wivu.

Paka hakumpenda yeyote. Mara akaanza kuwatukana wateja. "Huyu mnene, kitambaa hakitoshi." "Huyu anavaa ya nini, hafiki mbali." Mke wa fundi akipita na ufagio, paka humwambia polepole, "Pita huku, kipofu." Wateja wakapungua. Duka likaanza kunuka nywele zilizounguzwa kwa pasi, na hata madirisha yakifunguliwa, harufu ilibaki palepale.

Kisha gauni la njano likampwaya binti. Fundi akalibana. Likapwaya tena. Mtoto anakula, sahani inarudi nyeupe, lakini futi haisemi uongo: kiuno kinakwisha, mikono inakwisha, hata sauti imekuwa ya kuvutwa. Na paka anarefuka. Akilala juu ya meza, mkia unaning'inia upande huu na kichwa upande ule.

"Mume wangu," mkewe akanong'ona jikoni, "mtoe huyo mnyama."

"Nimemtupa mbali. Nimerudi nikamkuta dukani."

"Ongea taratibu, anasikia."

"Nasikia," ikasema sauti kutoka dukani, na ilikuwa sauti ya binti yao.

Mchana wa siku iliyofuata, mama alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mwanawe, amemshika mkono, mtoto amelala midomo imemkauka, ndipo alipomsikia mtoto huyohuyo akiimba dukani, wimbo wake wa kufulia nguo, na chini ya wimbo kanyagio la cherehani likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, akainuka akiupapasa ukuta, akafika mlangoni, na kwa macho yake hayo mabovu akaona kitu cheusi kimekaa wima kwenye kiti cha mumewe, kimejitupia gauni la njano mabegani, kinajipima mkono kwa futi. Kikageuka. "Bado kidogo tu, mama," kikasema.

Alipiga yowe mpaka majirani wakaja.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mmoja mkali, asiye na salamu ndefu. Aliutazama ukosi, akamtazama fundi.

"Nani kashona?"

"Mimi."

"Na kukatazwa ulikatazwa?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Basi utafumua mwenyewe. Ukate uzi, kitambaa usikiguse. Kitakuita kwa sauti ya mwanao. Usiitike. Kumwita nani mwanao ni kazi yako wewe mzazi, na ukikiitikia utakuwa umeshachagua."

Wakamweka binti kwenye mkeka, amefumba macho. Mganga akamkandamiza paka mezani kwa mikono miwili, huku akisoma maneno yake kwa sauti kubwa. Fundi akaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono. Paka akatukana, akamtukania baba yake na babu yake, na fundi akakata. Akacheka, na fundi akakata. Harufu ya nywele ikamjaa kooni, jasho likamwingia machoni, na ulipobaki uzi mmoja, sauti ikalia ile ya utotoni, ya usiku wa homa, ndogo kabisa, "Baba, unanikata. Baba, mimi Mshazari wako," na moyo wa mzazi, nani atamlaumu, ukatangulia mdomo.

"Naam, mwanangu," akanong'ona.

Uzi ukakatika. Paka akachomoka, akaruka dirishani. Binti akaketi kwenye mkeka, mashavu yamerudi, akaomba chakula. Mama alilia kwa furaha mpaka akakaa chini.

"Uliitika?" mganga akauliza.

"Sikuitika," fundi akasema.

Binti akapona, akanenepa, akaanza kumsaidia baba dukani. Wateja wakarudi. Nje ya dirisha ukabaki usumbufu mmoja tu: paka mweusi aliyekonda, asiyelia wala kulalama, akija kila siku kukaa mbele ya kioo na kumtazama fundi. Mama alimfukuza kwa ufagio. Paka aliondoka akichechemea, bega la kushoto limeshuka, kisha akarudi.

Siku moja fundi akaamua kumshonea mwanawe gauni jipya. Akamsimamisha kwenye mwanga, akachukua kipedi tayari, akalaza futi kutoka bega hadi bega. Akaitazama. Akairudia.

Mabega yalikuwa sawasawa.

Nyuma ya kioo, paka alisimama kwa miguu ya nyuma, akabandika viganja kwenye dirisha, akafungua mdomo. Hakutoa sauti.

"Mbona umenyamaza?" binti akauliza, akitabasamu. "Andika, fundi."