Rafu za Shangazi

Geti la kiwanda cha plaiwudi lilikuwa halipitiki kwa malori, mikokoteni na kelele za wapakiaji. Mpimaji alikuwa akikatiza na vipande vya majaribio kwapani, koti la buluu limemkaa sawasawa, kilemba cha njano kichwani, akagongana na fundi seremala mwenye penseli sikioni. Vipande vikatawanyika chini.

"Pole, dada. Unapeleka kuni?"

"Napeleka kuvipinda."

"Kwani vimekukosea nini?"

Alicheka bila kutaka, akamwonyesha chumba chake cha kazi. Kipande hulazwa juu ya vyuma viwili, chuma cha tatu hukibonyeza katikati taratibu, naye husoma kwenye kisaa chenye mshale kipande kimeshuka kiasi gani. Mzigo ukitolewa, kipande ambacho hakijavunjika hurudi kilipokuwa.

"Sikivunji," alisema kwa maringo. "Nakiuliza tu kina ugumu gani."

Tangu hapo Penseli, ndivyo alivyombatiza, akawa haishi kuishiwa mbao. Simu nazo hazikukatika.

Habari zikamfikia shangazi aliyemlea Penseli, na ambaye ndiye angepeleka posa. Penseli akamtengenezea rafu za duka lake la vitambaa, akatamba mbele ya wateja, "Ubao huu kaupima mchumba wangu mwenyewe." Majora yalipopangwa, rafu zikabonyea katikati kama machela. Wateja wakaangua kicheko.

Jioni simu ikaita.

"Mpenzi, ubao wako umeniaibisha."

"Ubao wangu haulegei hivyo."

"Shangazi anasema kama kazi yako ni hiyo, posa haendi."

"Na wewe unasemaje?"

Penseli akanyamaza. Mpimaji akakata simu, na siku zilizofuata hakuipokea. Kuitwa mwongo angevumilia. Kazi yake kuchekwa, hapana.

Asubuhi moja, mashine ikiwa inanguruma, mlango ukafunguliwa. Penseli aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi, vipande viwili mkononi, shangazi nyuma yake amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kushuhudia vita.

"Hiki nimekikata kwa urefu wa ubao," alisema Penseli. "Hiki kwa upana, kama nilivyokata zile rafu ili nisibakize makombo. Vipinde, shangazi aone."

Mpimaji alikibonyeza cha kwanza. Mshale wa kisaa ukasogea kidogo tu. Cha pili, kwa mzigo uleule, kikashuka vibaya.

Shangazi akainamia kisaa. "Kumbe ubao una upande?"

"Nyuzi za mti kwenye tabaka la juu zinakwenda na urefu, shangazi."

"Basi kosa ni langu," alisema Penseli.

"Nusu ni langu," alisema Mpimaji. "Nilimsifia ugumu wa ubao, sikumwambia wa upande upi."

"Ala. Nimekuja kuamua ugomvi, kila mtu anajishtaki."

Mpimaji akamgeukia Penseli. "Siku ile ulinyamaza."

"Sikuwa na uhakika, nikaenda kukata vipande. Nawe umenibonyeza wiki nzima."

"Umevunjika?"

"Si nimerudi?"

Mpimaji akauma mdomo asicheke. Shangazi alikuwa bado ameinamia kisaa, akisukuma kipande kwa kidole.

"Wewe binti, wazazi wako huamka saa ngapi?"

"Mapema, shangazi." Mpimaji alinyoosha koti lake, kidevu juu. "Lakini rafu kwanza. Nataka ukifika kwetu, usimulie habari za duka lako bila kicheko cha mtu."

Penseli alikuwa ameshatoa penseli sikioni.

"Kwa urefu?"

"Kwa urefu, mume wangu."