Tundu la Milimita Ishirini na Nne

Kila Jumamosi, nikishamaliza kufua sare yangu, nilifuatana na Mama karakanani. Mama ni mhandisi wa mitambo. Huchora vipuri kwenye kompyuta, kisha mashine hukata chuma kwa kufuata mchoro wake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amenifundisha kuchora tangu nikiwa darasa la tatu. Mafundi waliniita Chapuchapu, jina nililolipenda kupita kiasi.

Jumamosi hiyo Mama alikuwa na uamuzi wa kufanya. Programu yetu ya kuchora ilikuwa ya zamani, na alikuwa amepewa nyingine mpya aijaribu kwa mwezi mmoja. Mwezi wenyewe ulikuwa unakwisha siku hiyo.

"Maneno ya wauzaji yamenichosha," alisema. "Leo tunazipima kwa kazi ya kweli."

Kazi ilikuwa gurudumu dogo la shaba la pampu ya maji ya hospitali. Pampu ilikuwa imesimama tangu jana yake, na dereva wa hospitali alikuwa ameketi mlangoni, simu mkononi. Mchoro ulikuwepo, ila tundu la katikati lilipaswa kupunguzwa kutoka milimita ishirini na sita hadi ishirini na nne, kwa sababu ekseli mpya ya pampu, ile fimbo ya chuma inayopita kwenye tundu, ilikuwa nyembamba zaidi. Shaba ya unene ule tulibaki na kipande kimoja tu.

"Kaka yako atatumia programu mpya, wewe ya zamani," Mama alisema, saa mkononi. "Atakayemaliza kwanza, mchoro wake ndio unakwenda kwenye mashine."

Kaka alikuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi, na tangu aje likizo alikuwa hanywi hata maji bila kututajia hicho chuo.

"Jitahidi, mdogo wangu," aliniambia. "Ila usije ukalia."

Nikajiapiza kwamba leo atanitambua.

Katika programu ya zamani, tundu lile lile huchorwa mara tatu: linavyoonekana kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu. Kila mahali ufute mistari, uichore upya, kisha uandike kipimo. Nilipomtupia kaka jicho, gurudumu lake lilikuwa linazunguka kwenye kioo, zima na lenye rangi. Aliandika kipimo mahali pamoja tu, na sura zote zikabadilika zenyewe. Roho iliniuma. Alikuwa bado anahangaika kutafuta kitufe cha kuhifadhi, lakini akikipata tu, nimekwisha.

Ndipo nikafanya ujinga. Sikugusa mstari hata mmoja. Nilifuta namba 26 nikaandika 24, mara tatu.

"Tayari!"

"Dakika nne!" Mama aliandika kwenye daftari lake. Kaka alimaliza dakika ya tisa, jasho likimtoka.

Mama alichapa mchoro wangu na kuusoma kwa kidole. Kwenye karatasi mhandisi husoma namba. Hapimi mistari kwa rula. Namba zote zilikuwa sawa, akatia saini.

"Basi tutabaki na ya zamani," alisema. "Hongera, mwanangu."

Nilimtolea kaka ulimi, nikaenda kwenye mashine ya kukata, kwa Fundi Miwani anayeiendesha. Alikuwa anakaza shaba.

"Fundi, mashine inajuaje ikate wapi? Inasoma zile namba?"

Alicheka. "Hii haijui kusoma, Chapuchapu. Haikwenda shule. Inafuata mstari tu."

Nikaikumbuka mistari ambayo sikuigusa. "Na ikikata tundu kubwa kuliko linavyotakiwa?"

"Lingekuwa dogo tungelipanua. Likiwa kubwa, tumeumia. Shaba nyingine ni wiki tatu kufika." Akabonyeza kitufe cha kijani.

Kisu kilianza ukingo wa nje. Tundu hukatwa mwisho, nilijua hilo. Nilimtazama Mama nyuma ya kioo cha ofisi, akitabasamu kwa ajili yangu. Nikisema, tabasamu lile litaondoka mbele ya kaka. Nyuma yangu dereva alikuwa anaongea na simu: "Ndiyo, daktari, wameshaanza kukata. Waambie wagonjwa wavumilie kidogo." Kisu kikamaliza ukingo, kikainuka, kikasogea katikati.

"Zima! Fundi, zima!"

Fundi Miwani alikipiga kitufe chekundu kwa ngumi. Kisu kilisimama kikiwa kimebakiza unene wa ukucha kugusa shaba.

Mama alikuja mbio. Nilimwambia yote huku nalia: mistari sikuigusa, niliandika namba tu, nilitaka kumshinda kaka. Alirudi kwenye kompyuta akaupima mstari. Ishirini na sita.

"Nimetia saini juu ya uongo wako," alisema.

Bora angenichapa.

Mchoro wa kaka ukapelekwa kwenye mashine. Gurudumu lilipokamilika, Fundi Miwani aliingiza ekseli ambayo dereva alikuja nayo, ikakaa sawasawa. Dereva aliondoka mbio bila hata kuaga.

Mama akashika saa tena. "Kaa. Fanya kwa haki." Nilichora mistari yote upya. Dakika kumi na saba. Aliniletea daftari. "Usifute. Kata ile nne, andika ya kweli chini yake." Niliandika, kaka akiniona. Kisha Mama akaongeza mstari wake: "Ya zamani inaruhusu namba na mstari kupingana. Mpya hairuhusu. Tunachukua mpya."

"Kwa hiyo mpya ingenizuia?" niliuliza.

"Ingekuzuia leo. Lakini mwenye nia ya kudanganya hakosi mahali pengine pa kuandika." Alinifuta uso kwa kiganja. "Watu wanasoma tulichowaandikia, mwanangu, na wanakiamini. Wale wagonjwa hawatakuja hapa kupima. Kwa hiyo kazi iwe ya kweli hata pale asipopima mtu. Na ukikosea, sema mapema, kabla kisu hakijashuka. Leo umesema, ndiyo maana wanapata maji."

Kuanzia siku hiyo Fundi Miwani aliacha kuniita Chapuchapu. Aliniita Dakika Kumi na Saba. Sikulipenda jina hilo hata kidogo, lakini lilikuwa la kweli.