Betri Si Ng'ombe

Ojiambo wa kijiji cha Masinya alikuwa mtu wa ng'ombe. Asubuhi aliwakama, mchana aliwachunga, jioni aliwasifu. Vitu vya kisasa hakuvipenda, na maoni yake hakuyaficha. Simu ya kugusa, alisema, ni ya vijana wavivu. Pikipiki ya umeme ni baiskeli yenye majivuno. Na gari la umeme? Hilo ni toroli tu!

Kisha binti yake Patience, anayefanya kazi za nyumbani Omani, akamtumia tableti.

"Tableti?" Ojiambo alicheka. "Mimi sina homa, nimeze ya nini?"

Lakini Jumapili ya kwanza uso wa Patience ulipotokea kwenye kioo, mzee alisogea karibu. Alikigusa kioo kwa kidole. Machozi yakamtoka mbele ya mkewe, Taaka, na wala hakuyafuta. Tangu hapo tableti ikawa yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuishika bila kunawa mikono.

Patience alipewa nafasi ya kupiga simu siku moja tu kwa wiki, Jumapili alasiri. Bosi wake hakutaka simu siku nyingine. Na Jumapili iliyopita mambo yaliharibika. Patience alisema, "Baba, shikamoo," kisha tableti ikazima. Moto wa betri ulikuwa umekwisha. Kinyozi wa hapo senta, anayewachajia watu simu, hakuwa na umeme wiki nzima.

Ojiambo aliumia sana.

"Jumapili hii haitazima," aliapa. "Lazima nimwone mtoto wangu."

Siku ya Jumatano Taaka alitoka shamba la mihogo akiwa amechoka. Akaona kitu kinang'aa juu ya bati la banda la kuku. Jua lilikuwa kali, bati halishikiki.

"Baba Patience! Tableti inafanya nini juu ya bati?"

"Inakula jua," Ojiambo alijibu bila wasiwasi. "Umesahau mawe ya redio? Yakichoka tulikuwa tunaanika, redio inaimba tena. Na hiyo taa yetu ya sola, si inakula jua? Hii nayo itashiba."

"Umeianika tangu lini?"

"Tangu jana."

Taaka aliiteremsha kwa kanga. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Mgongo wake ulikuwa umefura, na kioo kimeachana na ubavu.

"Mungu wangu! Imevimba!"

Ojiambo aliinama akaitazama. Kwanza aliogopa. Kisha uso wake ukatulia, kwa maana uvimbe aliujua.

"Hii kitu ina hewa tumboni," alisema. "Ng'ombe akila majani mabichi ya viazi, anavimba hivi hivi. Unatoboa ubavu wa kushoto, hewa inatoka, ng'ombe anasimama. Niletee msumari."

"Hiyo ni ng'ombe?"

"Mwanamke, mimi nimeponya ng'ombe wangapi? Lete msumari, Jumapili iko karibu."

Aliuchukua msumari mwenyewe. Taaka aliona kwamba kwa maneno hatamweza. Akashika simu yake ndogo ya vibonyezo, akampigia Nereah. Nereah ni fundi wa simu, Mkenya, anayevuka mpaka kila asubuhi kufanya kazi soko la Busia upande wa Uganda. Yeye ndiye aliyempa Taaka hiyo simu ndogo.

"Nereah, mwanangu, tableti imevimba na mzee anataka kuitoboa!"

Sauti ya Nereah ilisikika mpaka kwenye banda la kuku. "Mama, mwambie aweke msumari chini! Sasa hivi! Akitoboa hiyo betri italipuka moto usoni kwake!"

Mkono wa Ojiambo ulisimama hewani.

"Msiichaji," Nereah aliendelea. "Msiibonyeze. Iko on?"

"Imezima."

"Iache hivyo, msiiwashe. Msiiingize ndani ya nyumba. Iacheni nje, kivulini, mbali na nyasi na kuni, mpaka ipoe. Halafu tieni mchanga mkavu kwenye sufuria, muiweke humo, mniletee. Polepole, isigongwegongwe."

Basi kesho yake watu wa barabara ya Busia waliona ajabu. Mzee amekaa nyuma ya boda amepakata sufuria ya mchanga, mkewe nyuma yake amemshika kiuno.

"Mzee, umechoka ugali, sasa unapika mchanga?" kijana mmoja aliuliza.

Nereah aliwapokea kwenye meza yake, akawapa viti. Alifungua tableti taratibu kwa kipande chembamba cha plastiki. Ndani kulikuwa na kitu kama bahasha ya rangi ya fedha, kimejaa mpaka kinataka kupasuka.

"Mzee, betri ni hii. Ndani ina pande mbili. Katikati kuna utando mwembamba, unazitenganisha. Betri ikipata joto kali inaharibika, inatoa gesi, inavimba. Msumari ukipasua utando, pande mbili zinakutana. Hapo moto unawaka, na si moto wa kupuliza uzime."

Ojiambo alitazama mikono yake. "Na jua? Mawe ya redio mbona yalikubali?"

"Yale ni mawe ya namna nyingine. Yalipata nguvu kidogo tu, kisha yakafa. Na sola yako ina bamba juu ya paa. Bamba ndilo linalogeuza jua kuwa umeme. Kioo cha tableti hakiwezi kazi hiyo. Kinapata joto bure."

"Basi vitu vya betri ni vibaya!" Ojiambo alifoka, maana aibu ilikuwa inamchoma. "Nilisema mimi! Hizo pikipiki za umeme na magari yake yote ni mabomu!"

Nereah alicheka. "Mzee, hiyo boda iliyowaleta imejaa petroli. Pale ng'ambo ya barabara petroli inauzwa kwa chupa, na jiko la chapati liko karibu. Mbona huogopi?"

"Petroli naijua."

"Ndiyo maneno hayo. Betri ya pikipiki na ya gari ni ndugu wa hii, ila kubwa. Ukijua masharti yake, mnaishi vizuri. Usiianike. Usiitoboe. Usichaji kitandani wala chini ya mto, maana joto linakosa pa kutokea. Chaja iwe ile inayofaa. Ikivimba, usiiguseguse, mtafute fundi. Na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa."

Taaka ndiye aliyeuliza lililokuwa mioyoni mwao. "Na Patience? Picha zake zimeharibika?"

"Hazikai kwenye betri, mama. Ziko salama. Nitatafuta betri ya aina hii hii. Njooni Jumamosi."

Jumamosi tableti ilikuwa imelala bapa kama zamani. Umeme ulikuwa umerudi kwa kinyozi. Ojiambo alikaa naye dukani mpaka ikajaa, akawafukuza watoto waliotaka kuiweka dirishani penye jua.

Jumapili alasiri ikaita. Uso wa Patience ukatokea, mkubwa, unacheka.

"Baba! Shikamoo!"

"Marahaba, mama, marahaba!" Ojiambo aliisogeza tableti karibu mpaka pua yake ikagusa kioo. "Umekonda. Unakula kweli?"

"Nakula, Baba." Patience alikuwa amejilaza kitandani. Kando ya kichwa chake waya mweupe ulionekana.

Ojiambo aliacha kutabasamu. "Huo waya ni wa nini?"

"Wa chaja. Moto umebaki kidogo, nikichomoa itazima. Nimeiegemeza simu kwenye mto. Hata usiku huwa naiacha chini ya mto ikijaa."

"Iguse mgongo."

"Eh! Ina moto, Baba."

"Itoe kitandani! Sasa hivi! Ilaze sakafuni!"

"Lakini Baba, nikiiweka chini hamtaniona."

Taaka alimtazama mumewe. Wiki mbili mzee alikuwa akiusubiri uso huo.

"Weka chini, mwanangu," alisema Ojiambo.

Picha ikayumba. Uso wa Patience ukaondoka, ikabaki dari nyeupe na feni inayozunguka.

"Baba, mnaona nini?"

"Tunaona dari," Ojiambo alijibu. "Dari nzuri sana. Wewe zungumza tu."