Mahameli Haipapaswi

Saa moja na dakika kumi asubuhi Mama Pindo alifungua chumba cha kupimia nguo, akawasha taa. Gauni la mahameli, rangi ya damu ya mzee, kazi ya mkono ya miezi minne, lilikuwa limechanwachanwa upande wa nyuma. Chini ya sanamu iliyolivaa palilala mkasi mdogo wenye uzi wa kijani kwenye mpini.

Alitamani mkasi ule uwe wa mtu mwingine yeyote. Lakini ulikuwa wa Chiriku, binti wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe alimleta kazini na kumdhamini kwa mdomo wake.

Saa mbili wote walikuwa wamekusanyika. Madam, mwenye karakana na mbunifu wa mitindo yote, hakupaza sauti, na hilo liliwatia watu hofu zaidi.

"Jana nilimgombeza huyu mtoto mbele yenu kwa sababu ya mshono," alisema. "Leo gauni limechanwa kwa mkasi wake. Mteja anakuja kesho. Mnataka nifikirie nini?"

"Mkasi niliuacha mezani, Madam," Chiriku alijibu. "Jioni nilirudi kuchukua simu tu, nikaondoka."

"Polisi wakifika saa sita utawaeleza."

Akamfungia katika stoo ya vitambaa. Hapo Mzee Mkasi akakohoa kidogo. Alikuwa mkataji wa karakana kwa miaka arobaini, na ndiye aliyemfundisha Mama Pindo kushika sindano.

"Usife moyo, mwanangu," alimwambia Madam. "Kilichoharibika ni kipande kimoja. Kitambaa cha akiba nimeshakitandika mezani. Saa tano nitakuwa nimekata kingine, na kesho mteja hatajua kitu."

Madam alimshukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

Mama Pindo aliutazama mlango wa stoo. Angemwambia nini kaka yake? Tena lilikuwepo jambo baya zaidi, ambalo hakuthubutu kulitamka. Jana usiku Chiriku, anayesema hata usingizini, alilala bila kuongea. Mama Pindo aliyaogopa mawazo yake mwenyewe.

"Madam, nipe mpaka saa tano nilitazame gauni," aliomba.

"Litazame. Kulitazama hakutalishona."

Akajifungia nalo. Gauni lilikuwa na vipande vinane vilivyounganishwa kutoka kiunoni hadi chini. Alihesabu michano kumi na minne, yote katika kipande kimoja cha nyuma, upande wa kushoto. Kifuani, penye nakshi za wiki sita, hapakuguswa. Akainua mahameli na kutazama bitana ya hariri iliyokuwa chini yake. Haikuwa na hata mkwaruzo. Mtu alikuwa amekiinua kitambaa kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine, taratibu, kama anayemenya yai. Mwenye hasira hana subira hiyo, alijiambia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akavuta pumzi.

Saa tatu na nusu alimfuata Pasi, mpiga pasi, ambaye pia ndiye mtunza funguo. Alikuwa akinyoosha kola moja kwa mara ya tatu.

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro robo."

"Baada ya hapo nani alikuja?"

"Chiriku. Nilimfungulia, akachukua simu yake, nikamwona anatoka. Basi."

"Basi tu? Mbona kola unaiunguza?"

Pasi akanyanyua pasi haraka. "Dada, mimi nina familia. Madam alishanionya nisimpe mtu ufunguo."

"Na mimi nina mtoto amefungiwa stoo. Ulimpa nani?"

Alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Mzee. Alisema amesahau miwani. Lakini dada, yule ni baba yetu sote. Ningemkataliaje?"

"Alikaa muda gani?"

"Robo saa hivi. Hata mchana alikuja pale chumbani, mafundi wa umeme walipomaliza kufunga zile taa mpya kali. Alisimama nyuma ya gauni, kimya. Nikamuuliza kama ni zuri. Hakunijibu."

Mama Pindo alirudi chumbani. Mzee alitafuta nini nyuma ya gauni? Katika karakana ile mahameli haipapaswi, kwa sababu jasho la kiganja huacha alama. Hushikwa kwa glavu na kushonwa kwa upande wa ndani, uso wake ukiwa umefunikwa karatasi laini mpaka siku ya mwisho. Ndiyo kusema katika miezi minne hakuna aliyeugusa uso wa gauni lile.

Alivua glavu. Alipitisha kiganja juu ya kipande cha kulia kutoka kiunoni kwenda chini, na manyoya mafupi ya mahameli, ambayo hulala upande mmoja, yakakwama kidogo, yakimkataa. Akajaribu cha pili na cha tatu, yakakataa vilevile. Kisha akapapasa kilichochanwa, mkono ukateleza bila kizuizi.

Akaketi sakafuni. Hakufurahi hata kidogo.

Saa nne na nusu alimwita Madam katika chumba cha kukatia. Mzee Mkasi alikuwa ameinamia meza, chaki mkononi.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Kile kipande cha nyuma kilikatwa kichwa chini. Manyoya yake yanalala kinyume na wenzake. Kwenye taa zetu za zamani hakikuonekana, lakini chini ya taa mpya kinang'aa peke yake. Jana uliliona hilo. Kikichanwa, kitakatwa kingine, na kosa litazikwa."

Madam aligeuka. "Mzee?"

Alisimamisha chaki, lakini hakuiweka chini.

"Macho yana ukungu mwaka wa pili sasa," alisema. "Natambua kitambaa kwa vidole. Siku ile ya kukata nilivaa glavu, na kosa nililiona jana tu, chini ya taa zile kali."

"Ungeniambia," Madam alisema.

"Mkataji asiyeona utamweka wapi? Mlangoni apokee wageni?"

"Na mkasi wa mtoto?" Mama Pindo aliuliza.

"Wangu ni mkubwa, ungenitaja. Wake ulikuwa karibu. Nilijua atafukuzwa tu, sikujua habari ya polisi. Yeye ni kijana, atapata kazi kwingine. Mimi nani atanichukua?"

"Nani angemchukua yeye, akitajwa kila karakana kwamba huchana nguo za tajiri wake?"

Mzee aliiweka chaki mezani. Madam alitoa simu, akawaambia polisi wasije, kisha akamkabidhi Mama Pindo ufunguo wa stoo bila kumtazama usoni.

Chiriku alikuwa ameketi juu ya marobota, macho yamevimba. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akamshika shangazi yake mkono.

"Mimi sikuogopa sana, shangazi. Nilijua angalau wewe unajua siyo mimi."

Mama Pindo angeweza kunyamaza, na ingekuwa heri kwa wote wawili.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Asubuhi sikujua."

Chiriku aliuachia mkono wake polepole.