Kisu cha Pili

"Ngoja! Lazarus, ngoja! Usikate hiyo kitu!"

Jumamosi hiyo ya Machi, mwaka wa tisini na sita, vibanda vya jua kali vya Kericho vilikuwa na kelele za kawaida: nyundo kwenye bati, redio mbili zikishindana, akina mama wakingoja sufuria zao zitiwe vitako. Sauti ya Weldon ilipita juu ya zote, na mwenyewe ilimshangaza. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai, mwenye miaka thelathini na minane, mrefu, mpole, koti lake la kahawia limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Wiki nzima ingeweza kupita bila yeye kusema zaidi ya "nipe spana nambari kumi na saba."

Lazarus mhunzi alibaki ameinua nyundo. Mbele yake ulilala upanga mrefu ulionyooka, na kando yake alisimama mwanamke mwenye gauni la samawati la kola nyeupe, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Na wewe ni nani?" mwanamke akauliza.

"Mimi... mimi nilikuwa napita tu."

"Basi pita."

Lazarus akacheka. "Huyu ni Weldon wa kiwanda. Tunamwita Mzee wa Mapanga. Ukimpa panga imeoza anashukuru kuliko ukimpa mbuzi."

"Mimi nataka kisu cha kukata matawi ya michai," yule mwanamke akasema. "Chuma ni ya baba yangu, na baba yangu amekufa. Sasa shida ya huyu ni nini?"

Weldon alikuwa ameshapiga magoti, magoti ya suruali ya Jumamosi, kwenye masizi ya Lazarus.

"Hii si panga, madam. Ni upanga. Kule Sudan wanaita kaskara. Ona huu mkono wa kushikia ulivyo kama msalaba. Ona hii mifereji hapa katikati. Na hapa..." Akasugua kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Miezi miwili midogo ikajitokeza, imegongwa kwenye chuma, imetazamana. "Hiyo ni alama ya fundi. Baba yako alikuwa Sudan?"

Mwanamke akaitazama ile miezi. "Alikuwa KAR, jeshi la Waingereza. Dereva wa lori. Alirudi nao kutoka vita ya Abisinia. Kila Jumapili alikuwa anaupaka mafuta, na hakuwahi kutuambia ulikuwa wa nani."

Akauchukua upanga wake, akaufunga kwenye kanga.

"Siuzi na siazimi," akasema. "Ukitaka kuuona tena utakuja kwetu, mbele ya Kabianga, mchana, majirani wakikuona. Uliza kwa Mzee Osoro. Mimi ni Nyamoita."

Weldon akaenda Jumapili iliyofuata. Akaenda na ile nyingine. Mwishowe akawa anaenda tu, bila kujitafutia sababu.

Tuseme ukweli, hawa wawili walikuwa wapweke, kila mtu kwa namna yake. Weldon aliishi kwenye chumba kimoja cha kiwanda, na chini ya kitanda alikuwa na silaha saba za kale zilizofungwa kwa flana: sime ya Kimaasai, rotwet mbili, panga fupi za babu zake Wakipsigis, upanga wa Kihabeshi uliopinda, jambia za pembe kutoka Mombasa. Elimu yake yote aliipata kwenye kitabu cha picha alichoachiwa na meneja mmoja aliyestaafu. Wasichana wawili walishawahi kuona kilichoko chini ya kitanda hicho, wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwao. Naye Nyamoita, mwenye miaka thelathini na minne, alishona nguo kwenye veranda mjini pamoja na rafiki yake Esnah, kisha akarudi kwenye ekari mbili za chai za baba yake. Kaka zake walihamia Kisii baada ya fujo za kikabila za tisini na mbili. Yeye alikataa. Kaburi la mama liko hapa, alisema, nihamie wapi? Majirani walimsalimia vizuri, na kila jioni alikula peke yake.

Duka lililokuwa karibu na veranda lilikuwa na simu, na saa saba kamili ikawa saa yao. Weldon alipiga kutoka kiwandani, akilazimika kushindana na mitambo, hivi kwamba mapenzi yake yaliwafikia wafanyakazi wote kabla ya kumfikia Nyamoita.

"Halo! Ni mimi!"

"Wewe nani? Akina Weldon ni wengi Kericho."

"Umejuaje ni Weldon kama hujui ni nani?"

Nyamoita akacheka mpaka Esnah akasimamisha cherehani. "Sauti yako naijua, mpenzi. Nataka tu uongee na mimi, maana ukija nyumbani unaongea na chuma."

"Jumapili nitaongea na wewe."

"Tutaona. Na uje na sukari."

Alienda na sukari. Aliupaka upanga mafuta kwa kitambaa laini, na Nyamoita, aliyevaa sweta ya manjano aliyojifumia, akamtazama akitabasamu.

"Si uunoe basi? Umekuwa butu kama kijiko."

"Chuma cha zamani hakinolewi," Weldon akasema, na hapo hakuwa na utani. "Ukinoa umefuta kazi ya yule aliyekitengeneza. Unafuta vumbi, unapaka mafuta, unaacha."

"Kitu hakikati, hakiuzwi, hakitumiki. Kazi yake ni kupendwa tu. Kina bahati."

Siku hiyo Nyamoita alimpeleka kwenye kaburi la baba yake, mwisho wa mistari ya chai, kando ya lile la mama. Alimweleza kwamba katika siku zake za mwisho Mzee Osoro alikuwa akimwita mtu mmoja. Idirisi. Asubuhi Idirisi, mchana Idirisi. Walimtafuta Idirisi kwenye ukoo mzima, hata kanisani, wasimpate. Wakasema ni homa.

Weldon akaukumbuka upanga. Karibu na mkono wa upanga alikuwa ameona mstari mdogo wa maandishi ya Kiarabu, na hakujua kuyasoma. Vipi kama yalikuwa na jina? Vipi kama hayakuwa nalo? Hakutaka kumpa matumaini kisha ayachukue. Nyamoita alipoingia jikoni kuchemsha chai, Weldon akauchora upanga kwenye karatasi, vipimo vyote, akaweka karatasi juu ya maandishi na kuyasugua kwa penseli. Jumatatu akaituma kwa mwalimu mzee wa Kiarabu Nairobi ambaye anwani yake alipewa na rafiki, akaeleza kwa uaminifu kwamba upanga si wake, ni wa Nyamoita, fundi wa nguo mjini Kericho. Majibu angempa Nyamoita mwezi wa Agosti, siku ya kumbukumbu ya baba yake.

Mwezi wa Juni simu ya kiwanda ililia saa nne asubuhi.

"Mrembo wangu! Leo umenitangulia!"

"Weldon, kuna mtu hapa na Peugeot kutoka Nairobi. Amevaa tai. Ana karatasi imechorwa upanga wa baba, urefu, upana, mpaka yale maandishi. Mwandiko ni wako."

Mitambo ilikuwa ikinguruma. Weldon aliziba sikio moja.

"Anataka kununua," Nyamoita akaendelea, sauti imetulia kupita kiasi. "Anasema habari zimetoka kwako. Karatasi ni yako ama si yako?"

"Ni yangu, lakini huyo mtu..."

"Jumapili kumi na moja. Nimekupikia. Nimekuonyesha kaburi. Kumbe mimi nachemsha chai, wewe unapima."

"Ngoja nikueleze, dia."

"Nimengoja maisha yangu yote, Weldon. Endelea na panga zako."

Simu ikakatwa. Jioni alikimbia hadi kwenye veranda akiwa bado na ovaroli. Alimkuta Esnah peke yake, pini mdomoni.

"Shemeji, ama niache kukuita shemeji," Esnah akasema, "hayuko. Na hata angekuwa hapa, hayuko."

Hapo ndipo ninapomlaumu Weldon. Angeenda Kabianga siku hiyohiyo, akapiga magoti kwenye matope kama alivyopiga magoti kwenye masizi, mambo yangeisha. Lakini wale wasichana wawili walikuwa wamemfundisha kwamba mtu akienda, ameenda. Alirudi chumbani. Wiki zikapita, mvua ya mawe ikigonga mabati kila alasiri. Jumapili alitoa silaha zake akazifuta, na akagundua ameifuta sime ileile mara tatu. Zamani zilimtosha. Sasa alizitazama akaona vyuma saba visivyomjua hata jina, akazisukuma chini ya kitanda, akalala akiutazama ukuta. Saa saba ya kila siku alisimama karibu na simu, na wafanyakazi wenzake, waliokuwa wakimcheka, wakaacha kumcheka.

Mwisho wa Julai barua ikaja. Mwalimu mzee aliomba radhi: jirani yake mmoja, muuzaji wa vitu vya kale, aliiona ile karatasi mezani akaondoka nayo bila ruhusa, na ilikuwa imerudishwa wiki hiyo tu. Kisha akaandika maana ya maandishi, mstari mmoja.

Weldon alishika njia ya kwenda stendi ya magari ya Kabianga, ile inayopita kwa Lazarus. Hapo akasimama. Ukutani, kwenye msumari, kati ya vipini vya jembe, ulining'inia mkono wa upanga wenye umbo la msalaba. Mkono peke yake.

"Huyo mama alikuja mwezi wa sita," Lazarus akasema, bila kumtazama. "Alikuwa na hasira, nikaogopa hata kuuliza. Nilitoa visu viwili. Hii alisema hataki."

Weldon akaketi juu ya pipa. Alihisi kama amefiwa, na sioni aibu kusema kwamba alilia, mtu mzima, mbele ya wanawake wenye sufuria. Kisha akajifuta, akauomba ule mkono, akaendelea na safari.

Alimkuta shambani, ukungu umetanda, amevaa buti za mpira na aproni ya nailoni, anakata chai. Nyuma yake mistari iliyokatwa ilikuwa vijiti vitupu. Nyamoita alipomwona, akashusha kisu.

"Umekuja kuona nilichofanya."

"Nimekuja na barua."

"Niliukata, Weldon. Niliukata na hasira. Sasa hasira imeisha na upanga haurudi. Sema unachotaka kusema."

Weldon akaifungua barua. "Yale maandishi ni jina la mwenye upanga. Idris mwana wa Hamid."

"Soma tena."

"Idris. Mwana wa Hamid."

"Idirisi," Nyamoita akanong'ona. Akaketi chini kati ya michai, kwenye majani yaliyolowa, akalia kuliko alivyolia mazishini. "Alikuwa mtu kweli. Alikuwa anamwita mwenzake, na sisi tukasema ni homa."

Weldon akachuchumaa kando yake. "Nilitaka kukupa siku ya kumbukumbu. Ndiyo sababu sikusema. Yule wa Peugeot simjui hata jina."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ulisema niendelee na panga zangu."

"Ukaendelea?"

"Nilishindwa."

 Nyamoita akainuka, akaenda nyumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha samawati, masalio ya lile gauni. Kilikuwa kisu cha pili. Hakijawahi kutumika. Karibu na mpini wake, maandishi yalikuwa mazima, na miezi miwili imetazamana vilevile.

"Nilijiuliza hiki ni cha nani, nikakosa jibu," akasema. "Hapa shambani niko peke yangu."

Weldon alikigeuza kwenye mwanga. Ndicho kipande pekee kilichobaki chenye jina. Yote aliyojua yalimwambia akipake mafuta, akifunge flana, akakilaze chini ya kitanda kiwe cha nane.

"Jiwe la kunolea liko wapi?" akauliza.

"Wewe? Si ulisema chuma cha zamani hakinolewi?"

"Nilisema hivyo nikiwa sina shamba."

"Na sasa unalo?"

"Ndiyo nauliza, Nyamoita. Nikija na wazee wangu, utawapokea?"

Alijifuta macho kwa mkono wa sweta. "Kaka zangu watasema mengi."

"Waseme."

"Na wazee wako wataniuliza kama unajua kukata chai."

"Sijui."

"Basi jiwe liko pale kwenye mfereji wa maji."

Weldon alilimwagia maji, akapitisha kisu mara ya kwanza, akafumba macho kwa ile sauti. Akapitisha tena. Alipomaliza, Nyamoita akamwonyesha mstari wa kuanzia, naye akainama na kukata.

"Hapana, hivyo unaumiza mti," Nyamoita akasema, akasimama nyuma yake na kumshika mkono. "Mshazari. Hivi."