Choo cha Mtu Aliyekaa Kwenye Kiti

Mado anauza ndakala katika soko moja la mji wa Kolwezi, Kongo. Ndakala ni samaki wadogo waliokaushwa. Miguu yake haitembei tangu utotoni, kwa hiyo anakwenda kazini kwa tricycle, baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mume wake, René, anamsukuma mahali barabara inapopanda.

Kila asubuhi wanabishana juu ya kikombe kimoja.

"Mado, chai iko inapoa."

"Acha ipoe. Mi minauza mpaka mangaribi. Nikinywa, nitaenda wapi?"

Vyoo vya zamani vya soko vina ngazi tatu na milango myembamba. Mara mbili Mado aliingia kwa kutambaa, mikono yake kwenye sakafu yenye maji machafu. Hakutaka mara ya tatu. Tangu siku hiyo, miaka saba sasa, hanywi kitu mpaka arudi nyumbani.

Mvua zilipoanza, akaugua. Akapona, akaugua tena. Mara ya tatu, muuguzi Micheline alitazama karatasi ya maabara na kutikisa kichwa.

"Mama Mado, mukojo yako iko na bidudu ya microbe tena. Usipokunywa mayi, mukojo inakaa ndani sana, microbe inaongezeka. Ikipanda mu figo, utalala ku hopitali. Unapashwa kunywa."

"Kila mutu anasema kunywa. Bwana yangu anasema kunywa. Sasa nikishakunywa, nikojoe mu beseni ya ndakala?"

"Lakini ku soko balijenga choo ya mupya. Iko na mulango mukubwa."

"Iko na kufuli mukubwa pia," Mado akajibu.

Micheline hakuamini. Jumamosi akafuatana naye sokoni. Choo kilikuwa kizuri kweli. Mbele yake hapakuwa na ngazi, ila njia ya saruji iliyopanda polepole. Tricycle ilipanda bila kusukumwa. Juu, kando ya mlango, alikaa mlinzi, Tata Kyungu.

"Tata, tufungulie," Micheline alisema.

"Ile haiko ya batu bote, mama. Ni ya chef, mukubwa wa soko."

"Nani alikuambia?"

Kyungu akaonyesha picha mlangoni. "Angalia weye mwenyewe. Mutu eko anakaa pa kiti kubwa. Humu mu soko, nani anakaa pa kiti kubwa? Shiye bote tunakaa pa bidon ya mayi."

Mado aliitazama picha, kisha akajitazama.

"Na hii minakalia ni nini, tata? Kitanda?"

"Hiyo ni tricycle," Kyungu akasema taratibu. "Tricycle iko na pedali ya mikono. Pa picha hakuna pedali."

"Na ufunguo?"

"Iko ku bureau ya chef. Panda pale juu, ulombe." Akatazama miguu ya Mado, kisha ngazi kumi na tisa za ofisi.

Micheline akapanda. Alirudi na mkuu wa soko, Tata Kabemba, akihema.

"Ni choo yako, tata?" Mado akamuuliza.

"Yangu? Sijaingia ata siku moja. Nilifunga sababu batu basichafule."

Alipofungua, ndani mlikuwa na ndoo, mifagio na mifuko miwili ya saruji.

"Basi ni choo ya saruji," Mado akasema. "Aksanti. Nimemujua mwenye choo."

"Lakini ile alama ya balemavu inajulikana dunia muzima," Kabemba akajitetea.

"Tuulize," Micheline akasema. "Tusibaeleze kitu. Tuulize tu: unaona nini?"

Mukuna, muuza makaa, alisema: "Chef." Gael, kijana wa kuchimba shaba, alisema: "Mugonjwa wa hopitali." Mama mmoja alifikiri sana, akasema: "Ni kwa kinyozi."

"Umeona, tata," Micheline akasema. "Alama hii ni nzuri, iache. Lakini ongeza picha yenye batu ya hapa banajua. Chora mama pa tricycle. Chora muzee na fimbo, na mama wa mimba. Chora ikuwe kubwa, rangi nyeusi pa nyeupe. Weka na mushale ku mulango ya soko. Kabla ya kupaka rangi, uliza tena benye habajue kusoma. Na kufuli haisafishe choo. Mayi na fagio njo binasafisha."

"Juma inayokuya," Kabemba akasema.

Juma likapita. Likapita lingine. Mado akachoka. Jumatatu moja hakwenda mahali pake. Alisimamisha tricycle chini ya ngazi za ofisi, akafungua beseni.

Ndakala zina harufu. Jua lilipopanda, harufu nayo ikapanda, ngazi kumi na tisa, mpaka dirishani kwa Kabemba. Wateja wakajaa, njia ikaziba.

"Mama Mado, ondoka pale," Kabemba akaita kutoka juu.

"Shuka tuzungumuze, tata. Miye siwezi kupanda."

Siku ya nne Kabemba akashuka. Kufuli likaondolewa, saruji ikatolewa, na komeo likawekwa ndani ya mlango, chini, mkono wa mtu aliyekaa unapofika. Mchoraji alichora picha kwenye karatasi kwanza. Watu kumi wasiojua kusoma waliulizwa. Wanane walijibu sawasawa. Picha ya mzee ikarekebishwa, wakaulizwa tena, ndipo rangi ikapakwa. Kyungu sasa anasafisha mara tatu kwa siku, na ananung'unika mara tatu.

Miezi miwili imepita. Mado amepimwa tena, mkojo wake ni safi.

Leo saa sita yuko kwenye foleni mbele ya mlango ule. Nyuma yake amesimama mzee mwenye fimbo. Ndani kuna mama mjamzito. Mado anagonga.

"Mama wa ndani, unajenga nyumba mule?"

"Vumilia kidogo," sauti inajibu.

"Mi nilivumilia miaka saba," Mado anasema. "Leo nimekunywa chupa mbili. Fanya mbio."