Koti Lililozikwa kwa Jina la Baya

Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya minazi ya Kisauni, bibi Nyevu alipotoka kwa mgema na kibuyu cha tembo. Alikwenda upesi, magoti yakilalamika njia nzima. Nyumbani alimwacha mjukuu wake, Mbeyu, msichana wa miaka kumi na sita, ambaye kila magharibi alishikwa na baridi. Si homa. Ngozi yake ilikuwa baridi kama ya samaki, midomo ikawa ya kijivu, na kila siku baridi ilikawia zaidi kumwacha. Siku moja haitamwacha, na hilo Nyevu hakuhitaji kuambiwa.

Mganga alikuwa na neno moja tu: baba mtu anaona baridi, hana nyumba.

Baba mtu ni Baya, mwana wa pekee wa Nyevu. Alikwenda Burma na jeshi la Mwingereza akamwacha Mbeyu tumboni mwa mkewe. Kisha ikaja karatasi: amekufa. Amezikwa wapi? Karatasi haikusema. Wazungu waliijua njia ya kuja kumchukua. Ya kumwonyesha mamake alipolala hawakuijua.

Miaka kumi na mitano Nyevu hakumsimamishia koma. Kila mwaka alisema mwakani. Mtu asiye na kaburi, moyo wa mama humweka njiani, yuaja. Sasa ukaidi huo ulitaka kumla mjukuu.

Koma ni kijiti cha mti mgumu. Huchongwa kichwa na shingo, kikapandwa uani, naye marehemu akaja akakaa hapo. Kwa aliyefia mbali, chini yake huzikwa kitu chenye jasho lake, kimwonyeshe njia. Nyevu alikuwa nacho: koti la jeshi, aliloletewa na Mwarandu, rafiki ya Baya, aliporudi vitani.

Shemeji yake, mzee Gona, alikuwa akimngoja uani na koma mkononi. Akamuuliza kama mnazi aliupanda kwanza ndipo akaugema. Nyevu akamjibu kwamba akiwa na kiu sana na atangulie kufa, atamiminiwa yeye.

Wakalizika koti. Wakapanda koma juu yake. Gona akamwita Baya kwa jina lake, na la babake, na la babu yake, akamwambia aje nyumbani, amwache mtoto. Kisha akamimina tembo.

Tembo halikuzama.

Lilikaa juu ya mchanga kama lililomwagwa kwenye bati. Mchanga wa Kisauni, unaoimeza masika nzima usitapike! Gona akamimina tena. Tembo likajikusanya, likaizunguka koma kwa mbali, likatiririka mpaka miguuni pa Gona.

"Baya amekataa tembo?" akanong'ona.

Nyevu akakinusa kibuyu. Baya alikuwa akilamba hata sira za kibuyu.

Mara Mbeyu akatoka ndani. Alitembea wima, jasho jembamba kipajini, midomo imerudi rangi yake. Macho yalikuwa penye koma.

"Hawe," akamwita bibi yake, taratibu, "huyu anayevua viatu ni nani?"

Uani walikuwa watatu tu.

Lakini harufu ilikuwapo... Sufu iliyolowa. Tumbaku. Na tope la mvua isiyo ya huku. Kisha, puu. Kimya. Puu. Kama buti zinazowekwa chini moja moja na mtu aliyechoka sana.

"Ataka maji," Mbeyu akasema.

Akachota kata moja, akayamimina. Mchanga ukayanywa kwa sauti.

Asubuhi yake Nyevu alikwenda Mwakirunge, ambako Mwarandu alikuwa akivunja mawe. Hakumwamkia. Alimuuliza koti lile lilikuwa la nani. Mwarandu akaapa, akalisingizia jua, akauliza habari za mtoto. Nyevu akaketi juu ya jiwe alilotaka kulivunja, akamwambia ana siku nzima na jiwe si baridi.

Ndipo Mwarandu akasema. Baya alichukuliwa na mto, yeye na mzigo wake. Hata kifungo hakikubaki. Naye Mwarandu alilelewa kama walivyolelewa wote: mtu hatoki kwenye kifo cha mwenziwe akamkabili mama mtu mikono mitupu. Kwa hiyo akamvua koti maiti mwingine, askari wa kikosi chao, mtu wa bara, mnyamavu, asiyeweka tembo kinywani.

"Jina lake?"

Mwarandu akaitazama nyundo yake. "Sikumuuliza, mama. Tulimwita Namba Saba."

Nyevu aliporudi, Gona alimwambia lililobaki, na siku hiyo hakufanya mzaha. Koma ikishapandwa haing'olewi; anayeing'oa anang'oa mtu wa nyumba ile. Tena binti amepona. Aliyekaa, mwenye koti, ndiye anayemkinga na Baya aliye nje. Waachwe walivyo.

Magharibi, Nyevu akiwa peke yake jikoni, hodi ikapigwa nyuma ya ua wa makuti.

"Mayo."

Hivyo ndivyo Baya alivyokuwa akimwita tangu alipoota meno. Mama yangu.

"Karibu, mwanangu." Lilikuwa limeshamtoka.

Uani, puu... puu. Buti zilikuwa zinavaliwa, za mgeni anayepisha.

Na chumbani Mbeyu akalia. Nyevu alimkuta amejikunja mkekani, meno yakigongana, vidole baridi kama vya aliyeoshwa tayari kuzikwa. Akatoka mbio, akaikabili koma.

"Sikumwita mtu," akanong'ona. "Keti. Keti, baba. Sikumwita mtu."

Akabaki amepiga magoti mpaka aliposikia buti zikivuliwa.

Kesho yake hodi ikapigwa tena. Mbeyu alikuwa mbele yake juu ya mbuzi, akikuna nazi na kuimba kidogo kidogo. Hakusikia kitu.

"Mayo. Naona baridi."

Nyevu, ambaye Kisauni nzima ilijua hajawahi kuishiwa na jibu, aliitia ncha ya leso kinywani, akaiuma.

"Mayo, si hapa nyumbani?"

Akaiuma.

Nyayo zikangoja. Zikangoja sana, zikimwelewa au zisimwelewe, hakujua. Kisha zikaondoka, za mtu asiye na viatu, zikashika njia ya bara.

Mbeyu akauliza mbona analia. Nyevu akamwambia akune nazi, aache kukuna watu. Halafu akachota maji, akaenda uani, akachuchumaa mbele ya kijiti cha mtu asiyemjua jina.

"Kunywa," akamwambia. "Nawe una mama mahali. Usiku ukimwendea ndotoni, mwambie kuna kijana atambishia hodi, miguu mitupu, ametota. Mwambie amfungulie."

Maji yakazama yote.